Mdomo wa Bunduki Uelekee Wapi: kuendesha darasa la shabaha kwa raia, Unguja na Pemba

Mtu akifikiria kuanzisha darasa la bunduki kwa raia, la kwanza kuuliza huwa ni bunduki yenyewe: ipatikane wapi, ya aina gani, kwa kiasi gani. Hapo ameshaanza mkiani. La kwanza ni ukuta: risasi itakayokosa shabaha ikasimame wapi? La pili ni msimamizi, la tatu ni daftari. Bunduki ni ya nne, na kwa visiwa hivi inayofaa kufundishia ni ya upepo, inayopigwa mita 10, ndani ya nyumba.

Tazama udogo wa ardhi yetu. Risasi ya .22, ambayo ni ndogo kabisa kati ya zile za baruti wanazofundishiwa wanaoanza, ikikosa pa kusimama huruka zaidi ya kilomita moja na nusu. Ya bunduki kubwa, kama .30-06, hupita kilomita 3. Chukua ramani ya Pemba, vuta mstari wa kilomita 3 upande wowote kutoka Wete, Konde au Mtambile, uone kama utaupitisha bila kugusa skuli, mskiti, au shamba ambalo msimu wa karafuu mtu yuko juu ya mti na haonekani kwa majani. Kirisasi cha bunduki ya upepo ya mashindano kina uzito wa nusu gramu hivi, hutoka kwa kasi ya kama mita 170 kwa sekunde, na nguvu yake ni kama jouli 7.5. Nacho kinatosha kupofua jicho, na kikiachiwa nje huruka mamia ya mita. Ndani ya ghala lenye ukuta wa tofali hakitoki nje.

Serikali za wenzetu husaidia nini

Mfano unaotajwa sana ni wa Marekani. Mwaka 1903 serikali yao iliunda bodi ya kitaifa ya kukuza shabaha miongoni mwa raia, kwa hoja kwamba kijana akiitwa jeshini awe ameshajua kulenga. Mashindano yao ya taifa yalianza kufanyika Camp Perry, Ohio, mwaka 1907. Mwaka 1996 sheria ikaitoa kazi hiyo mikononi mwa jeshi ikaikabidhi kwa shirika lisilo la faida, Civilian Marksmanship Program, kwa sharti la kufundisha usalama na shabaha na kuwatanguliza vijana. Shirika hilo hujipatia fedha kwa kuuza bunduki za zamani za jeshi, maarufu yao M1 Garand. Lakini angalia mnunuzi anadaiwa nini: awe raia, awe ametimiza miaka 18, awe mwanachama wa klabu iliyoungana na shirika, alete uthibitisho kwamba ameshashiriki mazoezi ya shabaha, kisha rekodi yake ichunguzwe. Bunduki imekaa mwisho wa foleni. Na vijana wanaopita kwenye mafunzo yao hawaanzi na Garand. Huanza na bunduki ya upepo ya mita 10.

Uswisi wana utaratibu mwingine. Askari wao anayekaa na bunduki ya jeshi nyumbani hupaswa, akiwa katika miaka ya wajibu, kwenda klabu kila mwaka kabla ya kwisha Agosti akapige risasi 20 kwa umbali wa mita 300. Alama za juu ni 85. Za kufaulu ni 42, na asikose shabaha zaidi ya mara 3. Risasi za zoezi hilo hutolewa na serikali, uwanja na waangalizi hutoka kwenye klabu za raia. Uingereza, klabu inayoidhinishwa na wizara yao ya mambo ya ndani humweka mwanachama mpya kwenye majaribio kwa miezi isiyopungua 3.

Ukiziweka pamoja utaona kitu kimoja: mkazo huwekwa zaidi kwenye klabu, mazoezi na kumbukumbu. Kwetu, mtu kwa kawaida hushikishwa bunduki akiingia kwenye vikosi, iwe JKU, KMKM, KVZ, JKT au jeshi lenyewe. Maana yake ujuzi upo mitaani tayari: shehia nyingi zina mstaafu wa kikosi anayekaa barazani kila jioni. Huyo ndiye mwalimu wako. Ila mwambie mapema, kwa adabu, kwamba darasa hili halina gwaride. Mkufunzi wa kikosi amezoea kumharakisha kuruta, raia aliyeshika bunduki mara ya kwanza akiharakishwa hugeuka na bunduki mkononi kuuliza "Mwalimu, umesemaje?", na hapo mdomo wa bunduki umeshapita kifuani mwa watu watatu.

Barua, na cha kuomba

Usidhani kwa kuwa bunduki haina baruti basi haina sheria. Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na Polisi ni ya Muungano. Anza kwa sheha, kisha kituo cha polisi cha wilaya, na ukitaka klabu ya michezo yenye jina na katiba, nenda Baraza la Taifa la Michezo Zanzibar, BTMZ. Mpaka ushike jibu la maandishi, usinunue wala usiagize kitu. Kifurushi kinachofika bandari ya Malindi kikiwa na mtutu ndani, hata ukisema ni wa upepo, kitakuletea wageni nyumbani.

Barua iwe ya ukurasa mmoja. Taja pahala, siku na saa, idadi ya wanafunzi, aina ya bunduki na idadi yake, zitalala wapi, na jina la msimamizi. Ambatisha mchoro wa jengo wenye vipimo, hata wa kalamu na rula. Afisa anayeona mchoro huuliza maswali ya maana badala ya kuweka barua kwenye faili. Kisha omba vitu vitatu tu: askari mmoja asimame siku ya kwanza, ruhusa ya kutumia ukumbi au ghala la umma, na nafasi ya kuhifadhi bunduki kituoni. Usiombe bunduki wala risasi. Ombi la silaha haliwezi kujibiwa na afisi ya wilaya, litapanda juu na huko litakaa. Ombi la askari mmoja Jumamosi asubuhi linaweza kujibiwa hapo hapo ulipo.

Pahala

Tafuta chumba chenye urefu wa mita 15 ndani. Mita 10 ni kutoka mstari wa mpigaji hadi karatasi, mita 1 ya kizuizi nyuma ya karatasi, na 4 zinazobaki ni za msimamizi na wanaosubiri. Upana wa mita 6 unatosha wapigaji watatu waliopishana mita 1.5. Ghala la karafuu nje ya msimu ni pahala pazuri mno: refu, kuta nene, madirisha ya juu. Ukumbi wa skuli siku ya mapumziko nao unafaa, ila hesabu milango yake. Kila mlango ulio mbele ya mstari wa mpigaji ufungwe kwa komeo kwa ndani. Usitegemee kijana wa kusimama nje kuzuia watu, atakwenda kununua juisi ya miwa.

Kutumia uwanja wa nje tunakushauri usitumie kabisa kwa siku ya kwanza. Mashamba yetu yote yana njia za mkato, na mtu aliyebeba mzigo wa makuti kichwani hasomi kibao. Ukilazimika, weka walinzi wawili, mmoja kila upande, na bendera nyekundu juu muda wote bunduki ziko mezani. Wazee watakutania kwamba umerudisha bendera ya Sultani. Waache wacheke, wataikumbuka.

Sasa kizuizi, na hapa usifanye ubahili. Upande wa mashariki wa Unguja na sehemu za Micheweni ni maweni: ardhi yenyewe ni jiwe la matumbawe. Kirisasi kikigonga jiwe au saruji tupu kwa pembe iliyonyooka hurudi kilikotoka, na kwa mita 10 kinaweza kumfikia aliyekipiga. Ndiyo maana tofali peke yake haitoshi, hata ikiwa nene.

Kwa kila mpigaji tengeneza sanduku la plaiwudi ya milimita 18, mraba wa sentimita 50 kwa 50, kina sentimita 30, mbele wazi. Nyuma yake ndani pigilia bati la chuma la milimita 3. Lijaze matambara ya pamba yaliyosokotwa na kushindiliwa mpaka ukisukuma kwa ngumi yasiingie zaidi ya kidole kimoja. Magazeti makuukuu yaliyofungwa kwa kamba nayo yanafaa. Makumbi ya nazi tumeona watu wakiyapendekeza. Ni mepesi, yana nafasi kubwa kati ya nyuzi, na virisasi hupita moja kwa moja hadi kwenye bati. Mchanga una shida mbili: ni mzito kwa sanduku la kuhamishwa, na kuchimba mchanga visiwani kunahitaji kibali. Mbele ya matambara bandika kadibodi, na juu yake karatasi ya shabaha. Katikati ya karatasi iwe mita 1.40 kutoka sakafuni.

Nyuma ya masanduku yote tundika mazulia makuukuu au mablanketi mazito, yaning'inie sentimita 10 mbali na ukuta, yapite mita 1 kila upande wa sanduku la mwisho na yafike mita 2.4 juu. Yasikazwe. Zulia linaloning'inia hulegea likigongwa na kumeza nguvu. Lililokazwa ukutani ni sawa na ukuta.

Sanduku huharibika bila kuonyesha dalili. Wanafunzi wote hulenga pahala pamoja, kwa hiyo matambara ya katikati huchimbika handaki wakati ya pembeni yako kama mapya. Ukisikia mlio umebadilika kutoka "pu" kuwa "kang", simamisha, virisasi vimeshafika kwenye bati. Njia ya kuepuka ni kuyageuza na kuyashindilia upya kila baada ya zamu mbili.

Bunduki na vitu vyake

Bunduki tatu zinatosha wanafunzi 12. Ya springi, inayovunjwa katikati kuipakia, ndiyo rahisi kuitunza huku. Ya gesi ya kaboni hubadilika kwa joto: ikipita nyuzi 31 gesi ile haikai tena kama maji ndani ya chupa, shinikizo hupanda na shabaha huhama, na ghala letu saa tano ya Februari limeshapita hapo. Ya hewa iliyobanwa ndiyo ya mashindano na ndiyo bora kuliko zote. Huhitaji kujazwa hadi bar 200, na usicheke, chanzo cha hewa safi na kavu ya shinikizo hilo ni vituo vya wazamiaji kule Nungwi na Kendwa. Chupa yake isiachwe kwenye gari juani.

Bunduki ya springi ina hatari moja ambayo vijana hawaijui. Ikiwa imevunjwa wazi na springi imeshavutwa, ukigusa kifyatulio mtutu hurudi juu kwa nguvu zote, hupinda, na kidole kilichokuwa kinaweka kirisasi kinaweza kukatika. Kwa hiyo mkono wa kushoto haumwachii mtutu mpaka ufungwe. Na isifyatuliwe bila kirisasi: pistoni hukosa mto wa hewa, hugonga mbele, na springi huvunjika.

Kuhusu mafuta. Chumvi ya bahari na jasho la vidole hutia kutu kwa usiku mmoja. Futa chuma kwa kitambaa chenye mafuta ya cherahani kila baada ya kushikwa. Usitumie mafuta ya nazi, huganda na kushika vumbi. Wala usitie mafuta ndani ya tundu la hewa ukidhani unailainisha: yakibanwa huwaka kama dizeli kwenye injini, kirisasi hutoka kwa kasi isiyotarajiwa, kwa kishindo, na baada ya muda springi hukatika. Na usiilaze kwenye mkoba wa ngozi au wa kitambaa, mkoba hufyonza unyevu na kuukumbatisha kwenye chuma.

Vingine: kopo moja la virisasi 500 vya milimita 4.5, maana wanafunzi 12 wakipiga 40 kila mmoja ni 480. Miwani ya kulinda macho kwa kila aliye ndani, pamoja na askari na anayepika chai. Karatasi za shabaha za mita 10, ambazo duara la nje lina milimita 45.5 na alama ya 10 ni kitone cha nusu milimita. Ndoo ya maji na sabuni. Vipande vitatu vya uzi mnene wa plastiki wa rangi kali, kama ule wa kukatia majani, virefu kuliko mtutu. Uzi huo hupitishwa ndani ya mtutu kutoka nyuma mpaka utokeze mbele. Ukiuona kwa macho, hata ukiwa mwisho wa chumba, unajua bunduki ni tupu. Wamarekani wamelifanya hili sharti kwenye mazoezi yao, na ni jambo la senti chache.

Saa moja na nusu bila kirisasi

Anza saa 2 asubuhi, Jumamosi au Jumapili, ili wote wamalize kabla ya adhuhuri. Viatu vya kufunika vidole, si kandambili. Anayevaa mtandio aingize ncha zake ndani ya kola. Ukining'inia hunaswa pale mtutu unapofungwa.

Kanuni ni tatu. Mdomo wa bunduki uelekee kizuizini siku zote. Kidole kiwe nje ya kifyatulio, kimenyooka ubavuni mwa bunduki, mpaka jicho limeshalenga. Bunduki iwe wazi na tupu, uzi ndani, mpaka amri ya kupakia. Usiongeze ya nne mpaka ya kumi. Watu hukumbuka tatu.

Kuzisema hakutoshi. Chonga bunduki ya mbao, mdomo wake upake rangi nyekundu, na umpe mwanafunzi aizungushe chumbani huku wenzake wamesimama: achukue mezani, ageuke, apokee simu, amkabidhi mwenzake, aiweke chini. Kila mdomo mwekundu unapomwangalia mtu, mtu huyo aseme kwa sauti, "Mimi!" Mara ya kwanza utasikia "Mimi!" mara saba au nane kwa dakika. Endelea mpaka chumba kinyamaze. Zoezi hili lina faida nyingine: kijana anaweza kumwambia mzee "Mimi!" bila kumvunjia heshima, kwa kuwa ndio mchezo wenyewe. Ukimtaka aseme "Ami, umenielekezea bunduki," atanyamaza, na ukimya huo ndio unaoumiza watu.

Katika saa hii hii fundisha jambo ambalo huenda likawafaa zaidi kuliko kulenga: bunduki iliyokutwa nyumbani. Nyumba za zamani, za Mji Mkongwe na za mashamba, huwa na gobole la babu darini au nyuma ya kabati. Gobole hupakiwa kwa mdomoni, kwa hiyo huwezi kulifungua ukaona kama lina kitu, na baruti nyeusi ikikaa pakavu haifi. Lililopakiwa kabla hujazaliwa linaweza kulia leo. Kwa hiyo usiliinue, usichungulie mtutuni, usijaribu kifyatulio, usilisafishe. Toa watoto, funga mlango, mwite sheha, naye awaite polisi waje walichukue walipo. Usilipeleke mwenyewe kituoni kwenye daladala. Risasi kuukuu zilizoota kutu nazo zisichomwe, zisipigwe nyundo, zisitupwe kisimani.

Amri

Chagua maneno yasiyofanana. "Pakia" na "pakua" yanatofautiana kwa irabu moja, na kwenye ghala lenye mwangwi ni neno moja. Tumia hizi: "Shika!", mpigaji huchukua bunduki. "Pakia!", huweka kirisasi kimoja. "Piga!", huanza kwa wakati wake. "Simama!", kidole hutoka, bunduki hubaki ikielekea kizuizini. "Toa uonyeshe!", bunduki huwekwa mezani wazi na uzi ndani, mpigaji hurudi hatua mbili. Hakuna anayekwenda kwenye karatasi mpaka msimamizi amezishika nyuzi zote tatu kwa mkono wake.

Tatu za kwanza na ya mwisho hutolewa na msimamizi peke yake. "Simama!" ni ya kila mtu, hata mtoto wa jirani aliyechungulia dirishani. Ikitamkwa kwa makosa, hakuna kugombeza.

Kupiga

Watu watatu kwa zamu, zamu nne, dakika 35 kila zamu. Mwalimu mmoja kwa kila mpigaji, upande wa mkono wa kulia, karibu kiasi cha kuweza kuushika mtutu. Walimu wakiwa wawili tu, wapigaji wawe wawili.

Kwanza jua jicho. Mwambie anyooshe mikono, aunganishe viganja abakize tundu dogo, aangalie taa kupitia tundu hilo, kisha afumbe jicho moja moja. Jicho linaloendelea kuiona taa ndilo la kulengea, na kitako cha bunduki kiende bega la upande huo hata kama mtu anaandika kwa mkono mwingine. Kuruka hatua hii ndio chanzo cha wale wanaokosa karatasi nzima na kulaumu bunduki.

Virisasi 10 vya mwanzo vipigwe akiwa ameketi, bunduki imelala juu ya gunia dogo la mchele lililowekwa mezani. Gunia likae chini ya mkono unaoshika mbele ya bunduki, si chini ya mtutu. Mtutu wa springi ukiegemezwa hudunda na kila kirisasi huenda kwake. Kisha avute pumzi, aitoe nusu, aishike, na abonyeze kifyatulio taratibu kama anayejaribu kama embe limeiva. Zikipita sekunde 8 hajafyatua, ashushe bunduki apumue upya, maana jicho huchoka kabla ya mkono.

Usiseme chochote kuhusu katikati. Mwanzoni unatafuta kundi: matundu 5 yaliyokaribiana, popote yalipo. Kundi dogo lililo pembeni ni la mtu anayejua, na vilengeo vya bunduki yake virekebishwe. Matundu yaliyotawanyika ni kosa la mpigaji, si la bunduki, usiguse vilengeo. Yakipangana juu na chini, anapumua wakati wa kufyatua. Yakiwa pamoja ila moja limeruka mbali, muulize tu, "Hiyo moja ilikuwaje?" Akijibu kabla hujaionyesha ni ipi, ameanza kujifunza.

Virisasi 30 vilivyobaki apige bila gunia, kwa makundi ya 5, karatasi mpya kila kundi, apumzike katikati. Wengi huharibika kundi la tano. Ni uchovu wa mkono wa mbele. Acha wamalizie kwenye gunia.

Ikikwama

Mpigaji akifyatua na kisitoke kitu, jambo la hatari ni yeye kugeuka na kusema, "Mwalimu, haikutoka." Fundisha neno jingine: ainue mkono wa kushoto, anyamaze, bunduki ibaki ilipo. Mwalimu ndiye anayesogea. Kirisasi kilichokwama mtutuni hakisukumwi kwa kirisasi kingine. Hutolewa kwa kijiti cha kusafishia, mtutu ukiwa wazi na springi haijavutwa.

Watakaoendelea baadaye na bunduki ya baruti, kwenye uwanja wa vikosi na chini ya wakufunzi wao, wajue tofauti hii mapema: ukifyatua na isilie, bunduki ibaki imeelekea kizuizini kwa sekunde 30 kabla ya kufunguliwa, maana baruti inaweza kuchelewa kushika moto. Na ikilia kidogo kuliko kawaida, usipige ya pili. Huenda ya kwanza imo mtutuni, na ya pili itaupasua.

Kufunga

Lugha yetu imeipa risasi jina la madini yake, na madini hayo ni sumu, hasa kwa watoto. Hakuna kula wala kunywa kwenye mstari. Wote waoshe mikono kwa maji baridi na sabuni kabla ya chai. Sakafu isifagiliwe kavu, vumbi lake hupeperuka. Nyunyiza maji, pangusa kwa tambara, tambara litupwe. Virisasi vilivyokunjamana vitiwe kwenye kopo lenye mfuniko. Mvuvi ataviomba akatengeneze chubwi, na ni ombi la haki, lakini kuyeyusha risasi jikoni ambako watoto wamelala ni balaa. Kopo likae na bunduki.

Kisha daftari. Andika virisasi vilivyoingia asubuhi, vilivyopigwa, vilivyobaki. Kama kopo lilikuwa na 500 na zimepigwa 480, vihesabiwe 20 mezani mbele ya askari. Vikiwa 19, hakuna anayeondoka: angalia mifuko ya mashati kwanza, ndiko vinakopatikana, mtu alikitia bila kufikiri alipoitwa "Simama!" Vikitimia, msimamizi na askari watie saini, bunduki zihesabiwe tatu na nyuzi tatu, na ziende kituoni pamoja na daftari, kwa gari moja, kabla wanafunzi hawajatawanyika.